Punda Aliyelemewa na Mti wa Adui

Kwenye barabara za vumbi za Mbeere, upande wa chini wa kaunti ya Embu, maji husafiri kwa punda. Mtungi wa lita 20 ukijaa ni kilo 20, na mkokoteni mmoja hubeba mitungi mingi. Kiangazi kikikaza na visima vikishuka, safari hurefuka na mitungi huongezwa, kwa sababu mwenye punda anataka kuimaliza kazi kwa safari moja. Mlimani ndipo mambo hugeuka. Kwato zinateleza kwenye kokoto, miguu ya mbele inatetemeka, mkokoteni unaanza kurudi nyuma, na punda anapiga magoti. Fimbo hufuata. Wapita njia wengi hutazama kando na kuendelea na safari, kwa kuwa punda ana mwenyewe.

Ipo sheria ya zaidi ya miaka elfu mbili iliyowekwa kwa ajili ya dakika hiyo. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 23, Torati inamwagiza Mwisraeli kwamba akimkuta punda wa mtu anayemchukia amelala chini ya mzigo, asimpite. Sharti asimame na kumsaidia mwenyewe kumfungua mnyama. Hakuna nafasi ya kusema huyu si punda wangu, wala ya kusema huyu ni punda wa hasimu yangu.

Marabi, yaani walimu wa sheria ya Kiyahudi, waliichambua amri hiyo kama mawakili wanavyochambua mkataba wa shamba. Mjadala wao umo katika Talmudi, mkusanyo mkubwa wa hoja na hukumu uliokamilika Babeli yapata karne ya 6. Kuteremsha mzigo, walisema, ni kazi ya bure, kwa sababu mnyama yumo taabuni. Kupakia upya kunaweza kudaiwa ujira. Mwenye punda akikaa kivulini na kumwambia mpita njia kwamba amri ni yake basi afanye peke yake, mpita njia hana deni tena, isipokuwa mwenye punda awe mzee au mgonjwa. Na mtu akikutana na rafiki anayehitaji kushusha mzigo na adui anayehitaji kupakia, baadhi ya walimu waliamua aanze na adui, ili apate kuutiisha moyo wake.

Kutokana na punda huyo aliyelemewa, marabi walijenga mlango mzima wa sheria unaoitwa kwa Kiebrania tsaar baalei hayim, maana yake uchungu wa wenye uhai. Ni marufuku kumtesa kiumbe bila haja ya kweli, na ni wajibu kumpunguzia mateso. Hapo ndipo ulipo uzito wa mafundisho ya Kiyahudi juu ya wanyama na mazingira. Hayakuachwa yawe maneno mazuri ya kusomwa siku ya ibada. Yaliandikwa kama sheria za kila siku, zenye vipimo, siku, mipaka na majina ya vitu, na zote zinamkumbusha mwenye mali jambo moja: kumiliki kitu si ruhusa ya kukifanyia lolote.

Vitabu vilivyo mezani tayari

Meru na Embu hakuna sinagogi. Lakini vitabu vitano vya Torati vimo katika karibu kila nyumba, kwa kuwa ndivyo vinavyofungua Biblia ya Kikristo. Vilifika na misheni: Waanglikana wa Kigari karibu na mji wa Embu, Wamethodisti wa Kaaga, Wakatoliki wa shirika la Consolata, na Wapresbiteri waliofungua kituo cha Chogoria mwaka 1922. Kizazi baada ya kizazi, watu wa mlimani wamejifunza kusoma kwa hadithi za Musa, Balaamu na Nuhu.

Wameru wana sababu nyingine ya kujisikia karibu na hadithi hizo. Wazee husimulia kwamba mababu zao walitoka Mbwaa, mahali palipozungukwa na maji, walikotumikishwa na watu walioitwa Nguo Ntune, yaani Nguo Nyekundu. Kiongozi aliyekumbukwa kwa jina la Koomenjoe aliwatoa usiku, na masimulizi mengine yanasema maji yaligawanyika wakapita. Wapo wanaoamini kwamba huo ni ushahidi wa damu moja na Wayahudi. Mwanahistoria Jeffrey Fadiman, aliyekaa na wazee wa Meru kuyaandika masimulizi hayo, aliitafuta Mbwaa karibu zaidi, pwani ya Kenya, upande wa kisiwa cha Manda huko Lamu. Undugu wa damu haujathibitishwa. Undugu wa mawazo, hasa juu ya miti na mifugo, unaonekana kwa macho.

Ajabu ni kwamba aya zinazohusu miti na mifugo husomwa kwa haraka. Muumini anayezijua Amri Kumi kwa moyo huenda hajawahi kutambua kwamba amri ya Sabato inamtaja ng'ombe na punda kwa jina, kwamba nao wapumzike siku ya saba pamoja na mtumwa na mgeni. Mnyama wa kazi aliwekewa siku ya mapumziko kisheria karne nyingi kabla ya kiwanda chochote kumwekea mfanyakazi wake.

Mti katikati ya vita

Sheria kuu ya mazingira katika Uyahudi ilianzia vitani. Kumbukumbu la Torati, sura ya 20, inazungumza na jeshi lililouzingira mji kwa siku nyingi. Askari wamechoka, wanataka kuni, wanataka magogo ya kubomolea kuta, na nje ya mji ipo miti ya matunda ya adui. Torati inawakataza kuitia shoka. Matunda yake wanaweza kula, lakini mti wenyewe hauna ugomvi na mtu, wala hauwezi kukimbia kama mwanadamu anavyokimbia mbele ya jeshi. Miti isiyozaa chakula ndiyo inayoruhusiwa kukatwa kwa ajili ya mzingiro.

Marabi waliipanua amri hiyo mpaka ikawa kanuni ya maisha yote, bal tashhit, usiharibu. Walisema kama mti wa adui umelindwa wakati wa vita, ambapo kila kitu huonekana halali, basi mali ya amani inastahili ulinzi zaidi. Musa bin Maimuni, ambaye Wayahudi humwita Rambam, tabibu na mwanasheria aliyefariki Misri mwaka 1204, aliandika kwamba anayevunja vyombo, kuchana nguo, kubomoa jengo, kuziba chemchemi au kuharibu chakula kwa makusudi anaivunja amri hiyo hiyo. Talmudi inataja hata taa ya mafuta: anayeiacha iwake kwa namna inayomaliza mafuta bure amekosa.

Kanuni hiyo haimfungi mkulima mikono. Rambam aliruhusu kukata mti wa matunda unaoiumiza miti mingine, au ambao mbao zake zina thamani zaidi kuliko matunda yake. Kinachokatazwa ni uharibifu usio na faida. Mkulima wa Runyenjes anayeangusha mgrevilia wake alioupanda mpakani ili alipe karo hajavunja kitu. Anayechoma kichaka kizima kwa ajili ya magunia machache ya makaa ana hesabu ya kutoa.

Wazee wa Meru na Embu walioishi miaka ya 1950 wangeielewa sura hiyo ya 20 bila kufafanuliwa. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952, na misitu ya Mlima Kenya na Nyandarua ikawa uwanja wa vita. Kutoka upande wa Meru, Musa Mwariama aliwaongoza wapiganaji wa Mau Mau ndani ya msitu. Ndege za Lincoln za jeshi la anga la Uingereza zilimwaga mabomu juu ya miti ambayo haikuwa na ugomvi na mtu, na wanavijiji wakalazimishwa kuchimba handaki kwenye ukingo wa msitu ili kuwatenga wapiganaji na chakula. Ulikuwa mzingiro kamili, na msitu ulihesabiwa kuwa adui.

Uharibifu wa baadaye haukuhitaji vita. Mwaka 1999 maafisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori waliruka juu ya Mlima Kenya na kuhesabu yaliyofanyika chini ya majani: mikafuri iliyokatwa kwa ajili ya mbao, tanuri za makaa, mashamba ya bangi, na sehemu za msitu wa Imenti zilizobaki wazi. Ripoti yao iliitikisa serikali, na mwaka 2000 ulinzi wa msitu huo ukakabidhiwa shirika hilo. Mlima wenyewe ulikuwa umeingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia miaka miwili kabla ya safari hizo za ndege, mwaka 1997. Heshima ya dunia haikuzuia shoka.

Na shoka hilo linaumiza mbali. Mito ya upande huu wa mlima, Rupingazi na mingine, hushuka kuelekea Tana, na Tana ndiyo inayozungusha mitambo ya umeme ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Udongo unaooshwa kwenye mteremko uliovuliwa miti huishia katika mabwawa hayo. Mwanafunzi wa Nairobi anayesoma usiku kwa taa anautegemea mti wa Mlima Kenya asioujua.

Vichaka ambavyo havikuguswa

Kabla ya misheni, watu wa mlimani walikuwa na bal tashhit yao. Mti wa mugumo haukukatwa. Vichaka vya ibada viliachwa vizee bila kuguswa: Giitune katika Imenti, ziwa Nkunga na msitu unaolizunguka, kilima cha Karue huko Embu, na kichaka cha Mwenendega karibu na Runyenjes, ambako Waembu husimulia kwamba babu yao Mwenendega alimkuta mwanamke aliyekuja kuwa mama wa kabila. Katika Meru, baraza la wazee la Njuri Ncheke, ambalo makao yake yapo Nchiru, liliamua kesi za ardhi, maji na misitu, na aliyevunja miiko alitozwa mifugo. Huko Nyambene, miraa ya kale iitwayo mbaine inarithishwa kutoka kwa babu hadi mjukuu, na mti mmoja unaweza kuwa na umri mkubwa kuliko kila aliye hai katika boma lake.

Kukutana kwa Torati na vichaka hivi kulikuwa na uchungu wake. Torati hiyo hiyo inayolinda mti wa adui inaamuru pia vichaka vya kuabudia miungu mingine vikatwe. Waumini wapya wa mlimani walifundishwa aya hizo kwa bidii, wakauona mugumo kuwa sanamu yenye majani. Ulinzi wa zamani uliondoka pamoja na tambiko, lakini ulinzi mwingine, uliokuwa katika kitabu kile kile, kurasa chache mbele, haukuletwa mahali pake. Mti ulipoteza mwiko na haukupewa amri.

Wayahudi wenyewe walilitatua jambo hilo kwa namna ya pekee. Hawauabudu mti, lakini wanausherehekea. Siku ya 15 ya mwezi wa Shevati, kati ya Januari na Februari, ni Tu Bishvat, mwaka mpya wa miti. Ilianza kama tarehe ya hesabu tu, ya kujua umri wa mti kwa ajili ya zaka. Leo watoto hupanda miche siku hiyo, na familia hukaa mezani kula matunda. Talmudi ina hadithi ya Honi, mchaji aliyesifika kwa kuombea mvua, ambaye alimkuta mtu akipanda mti wa karuba. Alipouliza utazaa lini, aliambiwa baada ya miaka 70. Mpandaji hakutarajia kuishi mpaka siku hiyo. Alieleza kwamba alizaliwa akaikuta mikaruba iliyopandwa na wazee wake, naye anawapandia watakaomfuata.

Mkulima wa Meru anaujua mti wa namna hiyo. Unaitwa muuru, na wenye biashara ya mbao huujua kama mwaloni wa Meru. Anayeupanda leo hupanda samani za wajukuu. Katika mpango wa TIST, ulioanza Tanzania mwaka 1999 na kuingia Kenya mwaka 2004, wakulima wa Meru hukaa katika vikundi vidogo, hupanda miti kwenye mashamba yao, huihesabu mmoja mmoja, na kulipwa kwa hewa ya ukaa ambayo miti hiyo inaifyonza.

Kungoja ni sheria

Mambo ya Walawi, sura ya 19, inamkataza mkulima kula matunda ya mti katika miaka yake mitatu ya kwanza. Mti unaachwa ukue. Mwaka wa nne matunda ni matakatifu, na ni mwaka wa tano ndipo mkulima anapokula kwa uhuru.

Sheria hiyo ingepata wasikilizaji wengi katika Embu na Meru kila msimu wa makadamia. Bei ikipanda, madalali hupita vijijini wakinunua kokwa changa, na wezi huingia mashambani usiku kabla hazijakomaa. Kokwa changa haina mafuta ya kutosha, hukataliwa sokoni ng'ambo, na sifa ya kokwa za Kenya hushuka pamoja na bei ya mwaka unaofuata. Ndiyo sababu Mamlaka ya Kilimo na Chakula imekuwa ikitangaza miezi ya kufunga uvunaji. Kinachotafutwa ni kile kile kilichotafutwa na Torati: mtu amiliki mti, auone umezaa, na bado azuie mkono wake.

Ardhi nayo ina Sabato yake. Kila mwaka wa saba, unaoitwa shemita, mashamba ya nchi ya Israeli hayapandwi, na kinachoota chenyewe ni cha wote: maskini, mgeni, mifugo, na wanyama wa porini, ambao Torati inawataja waziwazi kuwa wana fungu lao. Kwa sheria ya Kiyahudi wajibu huo haumfungi mkulima aliye nje ya nchi hiyo. Shemita ya mwisho ilianza Septemba 2021, na inayofuata itaanza Septemba 2028. Wakulima wa Israeli wa leo hawakubaliani jinsi ya kuifuata. Wengine huacha shamba kabisa, wengine hutumia njia ya kuliuza kwa mtu asiye Myahudi kwa mwaka mmoja, na mabishano juu ya njia hiyo yamedumu tangu karne ya 19.

Mkulima wa ekari moja ya Chuka au Maua hawezi kulaza shamba lote mwaka mzima, watoto wakale nini. Anaweza kulipumzisha kipande kwa kipande, kwa kunde na maharagwe yanayorudisha rutuba, kwa samadi, kwa nyasi za kuzuia mmomonyoko kwenye kingo za matuta. Mabibi wa Mbeere waliliacha shamba la mtama liote vichaka na kuhamia jingine, wakati ardhi ilipokuwa tele.

Kiota, ndama na kinywa cha ng'ombe

Katika sheria za wanyama, Torati hushuka hadi vitu vidogo kabisa. Mtu akikuta kiota chenye makinda au mayai na mama amewalalia, asimchukue mama pamoja na watoto. Amwachie mama aende kwanza. Thawabu iliyoahidiwa ni maisha marefu, sawa na ile ya kuwaheshimu baba na mama. Ng'ombe anayepura nafaka asifungwe kinywa. Ng'ombe na punda wasifungwe kwenye jembe moja, kwa kuwa nguvu zao si sawa. Mama na mtoto wake wasichinjwe siku moja. Rambam alieleza sababu ya amri hii ya mwisho bila kuzungusha: mapenzi ya mama kwa mtoto hayatokani na akili bali na moyo, na kwa hilo mnyama na binadamu hawatofautiani.

Marabi waliongeza yao. Ni marufuku mtu kukaa mezani kabla hajawapa wanyama wake chakula. Kuchinja ni kwa kisu kikali kisicho na pengo hata dogo, kinachokaguliwa kabla na baada, na kinapitishwa bila kusitasita. Msomaji Mwislamu ataitambua nia hiyo katika uchinjaji wa halali.

Simulizi inayogusa zaidi ni ya Rabi Yehuda, kiongozi mkuu wa Wayahudi wa karne ya 2 na mkusanyaji wa Mishna, mkusanyo wa sheria ambao Talmudi inaujadili. Ndama aliyekuwa akipelekwa machinjoni alimkimbilia, akaingiza kichwa katika vazi lake na kulia. Rabi alimwambia aende, kwa kuwa aliumbwa kwa ajili hiyo. Sheria hakuivunja, kwani nyama imeruhusiwa. Lakini Talmudi inasema kwamba kwa neno hilo alipatwa na maumivu yaliyodumu miaka 13, na yaliondoka siku aliyomzuia mtumishi wa nyumbani kuwafagia nje watoto wa cheche waliozaliwa pembeni. Walioiandika simulizi hiyo walikubali kumtia doa mtu wao mkubwa ili jambo moja lieleweke. Mnyama anaweza kuliwa, kilio chake hakiwezi kudharauliwa. Rabi Abraham Isaac Kook, aliyefariki mwaka 1935, alikwenda mbele zaidi. Alifundisha kwamba ruhusa ya kula nyama, iliyotolewa baada ya gharika ya Nuhu, ni ya muda, na kwamba mwanadamu anatarajiwa kurudi kwenye chakula cha bustanini.

Hayo yote yanamrudisha punda barabarani. Kuanzia mwaka 2016 Kenya iliruhusu machinjio ya punda kwa ajili ya soko la China, ambako ngozi yake huchemshwa kupata ejiao, dawa ya kienyeji. Bei ilipanda na wizi ukafuata. Familia ziliamka zikakuta kamba tupu zizini, na nyingine zikakuta mizoga iliyochunwa vichakani. Taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, ilionya mwaka 2019 kwamba punda wanachinjwa kwa kasi zaidi kuliko wanavyozaliana. Februari 2020 waziri wa kilimo Peter Munya, aliyewahi kuwa gavana wa Meru, alipiga marufuku machinjio hayo. Mwaka 2021 Mahakama Kuu iliitengua marufuku hiyo. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika waliidhinisha katazo la kuchinja punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Katika miaka hiyo yote aliyelipa gharama zaidi alikuwa mama wa Mbeere au Tharaka ambaye, punda alipoibwa, aliuchukua mtungi mgongoni mwake mwenyewe.

Sheria haijilindi yenyewe

Ingekuwa uongo kuwachora Wayahudi kama watu wanaoitii sheria hii kila mahali. Katika miaka ya 1950 taifa la Israeli lilikausha bwawa la Hula kwa ajili ya mashamba, likaangamiza makao ya samaki na ndege, na mwaka 1994 sehemu yake ikarudishiwa maji. Katika Ukingo wa Magharibi, mizeituni ya wakulima wa Kipalestina imeng'olewa na kukatwa na watu wanaodai kuifuata Torati, ilhali Torati inalinda hata mti wa adui aliye vitani. Marabi wa Israeli waliounda shirika la kutetea haki za binadamu mwaka 1988 wamekuwa wakienda kwenye mashamba hayo wakati wa mavuno na kusimama bega kwa bega na wenye mizeituni. Hao ndio walioisoma sura ya 20 vizuri.

Karibu zaidi, mashariki mwa Uganda, wapo Wayahudi wa Kiafrika wanaoishi kwa sheria hizi. Mwaka 1919 Semei Kakungulu, jemadari aliyekosana na wakoloni wa Kiingereza, aliisoma Biblia na kuamua kufuata sehemu yake ya kwanza pekee. Wafuasi wake, Abayudaya, wanaishi vijijini karibu na Mbale, chini ya Mlima Elgon. Idi Amin aliipiga marufuku dini yao, wakaishika kwa siri. Kiongozi wao, Gershom Sizomu, alifuzu kuwa rabi Marekani mwaka 2008. Mwaka 2004 Wayahudi hao walianzisha pamoja na majirani zao Waislamu na Wakristo chama cha ushirika cha kahawa, Peace Kawomera. Mkulima wa kahawa wa Embu angejisikia nyumbani huko: udongo mwekundu, migomba kati ya mikahawa, na kivuli kinacholindwa kwa sababu za kibiashara na za imani kwa pamoja.

Meru nayo ina mfano wa mwenye mali aliyejiwekea mpaka. Upande wa Timau, mashamba makubwa ya Marania na Kisima yalitoa sehemu ya ardhi yao ili ndovu wapate njia ya kupita kati ya Mlima Kenya na msitu wa Ngare Ndare. Chini ya barabara kuu ya Nanyuki kwenda Meru lilijengwa pito, na mwaka 2011 ndovu wa kwanza alilipita. Ndovu waliokuwa wakivunja nyua na kutishia watu sasa wana njia, na mkulima wa jirani ana usiku wa kulala.

Kenya haina upungufu wa sheria. Sura ya 360 ya sheria za nchi inakataza kumpiga mnyama kikatili na kumbebesha mzigo uliomzidi, na anayevunja anaweza kushtakiwa. Kanuni za kilimo za mwaka 2009 zinamtaka kila mkulima awe na miti kwenye asilimia 10 ya shamba lake. Novemba 13, 2023, serikali ilitoa likizo ya taifa ili wananchi wapande miti, na wengi walipanda. Kilichopungua ni kile ambacho marabi walikitafuta katika mabishano yao marefu juu ya punda mmoja, na ambacho Njuri Ncheke ilikitafuta kwa faini zake: sheria ifike njiani, zizini na mtoni, iwe ni jambo ambalo jirani anamkumbusha jirani.

Hilo linaweza kuanzia pale vitabu vilipo. Wachungaji, mapadri, maimamu na wazee wa Meru, Tharaka na Embu wana mimbari kila wiki, na mvua ya masika huanza mwezi wa Machi. Kabla haijaanza, Kutoka 23 na Kumbukumbu la Torati 20 zisomwe kwa sauti na zielezwe kwa mifano ya hapa, miche ya muuru na muringa iandaliwe kwenye vitalu vya shule na makanisa, na kila mwenye punda ateremshe mtungi mmoja kabla ya kuanza kupanda kilima.